Injini Mpya, Waya Kuukuu: Umeme wa Plagi Unapobadilisha Injini ya Land Rover

Land Rover Series III iliundwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, na zilizobaki bado zinachapa kazi Afrika Mashariki, mashambani na mbugani. Chesisi na bodi ya aluminiamu huvumilia, lakini injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 hufika mahali ikagoma kufufuliwa. Hapo mwenye gari hushuka Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kutafuta injini ya Kijapani iliyotumika. Mojawapo inayofaa ni Toyota 22R: silinda nne, sentimita za ujazo 2,366, kabureta ya kawaida, na cheche zinazosimamiwa kielektroniki.

Kazi ya kuifunga hula siku nyingi kwenye vyuma: mauntini, giaboksi, rejeta, ekzosi. Umeme huachwa mwisho, mwenye gari akiwa ameshapiga simu mara kadhaa kuuliza. Waya uliokuwa ukilisha koili ya zamani unavutwa hadi kwenye koili mpya, unazungushiwa tepu, gari linawaka, linakabidhiwa. Baada ya muda linaanza kumisi likipanda mlima, au linakataa kuwaka asubuhi yenye baridi. Kabureta inafunguliwa, plagi zinanunuliwa, petroli inalaumiwa. Waya hakuna anayeutazama.

Msimamo wangu ni huu: injini ikibadilishwa, waya wa zamani wa swichi ubaki na kazi ya kutoa amri tu. Umeme wenyewe upite njia mpya, kutoka kwenye betri, kupitia fyuzi na rilei.

Kwa nini waya wa zamani hautoshi

Mfumo wa koili na pointi ulibuniwa na Mmarekani Charles Kettering mwanzoni mwa karne ya 20, na Cadillac ndiyo iliyoutumia mapema. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye swichi ya ufunguo, huingia kwenye koili, kisha hushuka ethi kupitia pointi zilizo ndani ya distribyuta. Pointi zikifunguka, mkondo hukatika ghafla na koili hutema volti maelfu kwa maelfu hadi kwenye plagi. Kwa kawaida koili ya aina hiyo ina ukinzani wa takriban omu 3. Kwa volti 12, mkondo wake hauwezi kuzidi ampia 4, na pointi zenyewe zingeungua upesi kama ungezidi sana.

Injini yenye distribyuta ya kielektroniki haina pointi. Kazi ya kukata mkondo inafanywa na transista iliyo ndani ya kifaa kidogo kiitwacho ignita. Kwa kuwa transista haichomeki kama pointi, wahandisi waliweza kutumia koili yenye ukinzani mdogo sana, mara nyingi chini ya omu 1, ili ijae haraka na kutoa cheche kali zaidi.

Sasa tazama waya wa gari lenye miaka 40. Nyuso za swichi zimelika, vichwa vya waya vimeota kutu ya kijani, na mahali fulani nyuma ya dashibodi kuna kiungo cha tepu kilichowekwa na fundi asiyejulikana. Chukulia kwamba vyote hivyo pamoja vimeongeza ukinzani wa omu 0.3. Kwa koili ya zamani ya omu 3, hiyo ni sehemu moja ya kumi, na injini haikujali. Kwa koili mpya ya omu 0.6, kiasi kilekile ni nusu ya ukinzani wa koili nzima. Mkondo ukifika ampia 6, volti 1.8 zinapotelea njiani na kugeuka joto ndani ya swichi.

Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu nishati ya koili hufuata mraba wa mkondo. Mkondo ukipungua kwa asilimia 15, nishati ya cheche hupungua kwa zaidi ya robo. Halafu kuna suala la muda. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 100 kila sekunde, yaani koili ina milisekunde 10 za kujaa na kumwaga. Ikifika mizunguko 4,500, zinabaki chini ya milisekunde 7. Volti zikiwa pungufu, koili haiwahi kujaa. Ndiyo sababu gari linatulia uani kwa fundi na kuanza kumisi likiwa na mzigo barabarani. Na wakati starta inazungusha injini baridi, betri yenyewe inaweza kushuka hadi karibu volti 10, hivyo waya mbovu ukichukua sehemu yake, ignita inabaki na volti 8 tu za kufanyia kazi.

Rilei na njia mpya

Rilei ni swichi inayoendeshwa na sumaku. Mkondo mdogo, chini ya robo ya ampia, huvuta sumaku, nayo hufunga njia ya mkondo mkubwa. Swichi kuukuu ya Land Rover inamudu mzigo huo mdogo bila kuchemka, hata kama nyuso zake zimechoka.

Rilei za kawaida za magari zina namba kwenye miguu. Mguu wa 30 unapokea umeme wa betri. Mguu wa 87 unaupeleka kwenye koili na ignita. Mguu wa 86 unaunganishwa na waya wa swichi ya ufunguo, na wa 85 unakwenda ethi. Kwenye Land Rover hizi, waya mweupe ndio unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, wa kahawia una umeme wa betri wakati wote, wa kijani unatoka kwenye fyuzi baada ya ufunguo, na mweusi ni ethi. Kwa hiyo waya mweupe uliokuwa ukienda kwenye koili sasa uishie mguu wa 86.

Waya mpya kutoka betri hadi rilei, na kutoka rilei hadi koili, uwe wa milimita za mraba 2.5. Mita tatu za waya huo hupoteza karibu volti 0.13 tu kwa mkondo wa ampia 6. Fyuzi ya ampia 15 iwekwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote, na moto wa gari huanzia hapo. Rilei ifungwe juu kwenye ukuta wa injini, miguu ikitazama chini ili maji yasituame ndani. Gari hili litavuka mito.

Mitego minne

Wa kwanza ni rezista. Magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yaliwekewa rezista, au waya wenye ukinzani wa makusudi, kabla ya koili ili kulinda pointi. Injini ya petroli ya kawaida ya Series III haikuhitaji, lakini gari lililopita mikono mingi linaweza kuwa nayo. Ignita ikilishwa kupitia rezista hiyo, itakufa njaa. Rilei huikwepa kabisa, mradi waya wa zamani usiunganishwe tena na koili. Kinyume chake pia ni hatari: koili ya omu 0.6 ikifungwa kwenye distribyuta ya pointi, pointi zitaungua.

Wa pili ni umeme unaokatika wakati wa kupiga starta. Swichi nyingine za ufunguo huzima baadhi ya nyaya injini inapozungushwa. Rilei ikichukua amri kwenye waya wa namna hiyo, injini itazunguka bila cheche na kushtuka kuwaka pale tu unapoachia ufunguo. Pima waya kabla ya kuukata: uwe na umeme ufunguo ukiwa umewashwa na pia starta inapozunguka.

Wa tatu huwachanganya hata mafundi wazoefu: unazima ufunguo, injini inaendelea kunguruma. Taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi imeunganishwa kati ya waya wa ufunguo na alteneta. Ufunguo ukizimwa huku alteneta ikizunguka, umeme hurudi kinyume kupitia balbu hiyo. Balbu ya wati 2.2 inaweza kupitisha karibu ampia 0.18. Kwa koili ya kawaida hizo ni kidogo mno, lakini kwa rilei zinatosha kuishikilia. Dawa ni diodi moja kwenye waya wa taa ya chaji, ikielekezwa ili umeme uende alteneta na usirudi.

Wa nne ni ethi. Injini imekaa juu ya mauntini za mpira, na mpira haupitishi umeme. Kwenye ubadilishaji, mkanda wa ethi wa injini ya zamani huondoka nayo na mara nyingi haurudishwi mwingine. Umeme wa starta hapo hutafuta njia kupitia kebo ya choki au ya mafuta, na kebo huchemka. Weka mkanda mnene kutoka injini hadi chesisi, na mwingine kutoka chesisi hadi hasi ya betri. Kwangua rangi mahali ignita inapofungwa. Na kama gari ni la Series II au IIA ya mwanzo, hakikisha kwanza ni upande gani wa betri umefungwa ethi, kwa kuwa nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na chanya kwenye chesisi. Ignita ya Kijapani ikifungwa hivyo itaungua papo hapo.

Kununua na kupokea

Injini zinazouzwa zimetumika mara nyingi hukatwa nyaya ili zitoke haraka kwenye gari la awali. Dai injini ije na koili yake, ignita yake, soketi zake zote na angalau nusu mita ya waya kwenye kila soketi. Ignita na koili hutengenezwa kufanya kazi kwa pamoja, na kuokoteza moja huku na nyingine kule huleta kasoro ambazo mita haionyeshi kirahisi. Kumbuka pia solenoidi iliyo kwenye kabureta ya 22R: inahitaji umeme wa ufunguo, na bila huo injini haitulii kwenye sailensa. Nayo ipewe fyuzi yake.

Siku ya kuchukua gari, mwombe fundi alete maltimita. Injini ikiwa inanguruma, aweke ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya koili. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, kuna kiungo kibovu. Kisha apime kati ya hasi ya betri na bodi ya injini huku starta ikizunguka. Zikizidi sana volti 0.2, ethi haitoshi. Vipimo hivi viwili huchukua dakika chache. Mwenye gari aliyelipia injini ana haki ya kuviona, na fundi aliyefanya kazi safi atafurahi kuvionyesha. Andikeni tarakimu hizo pamoja na mchoro wa nyaya mpya, viwekwe kwenye faili la gari, ili siku cheche zikilegea fundi ajue thamani ya kulinganisha kabla hajagusa kabureta.