Kwa Nini Chanjo Hulipiwa Kabla Ugonjwa Haujafika

Katika jumuiya ndogo ndogo tumekuwa tukiulizwa swali lisilostahili kujibiwa kwa mkato: kwa nini mamilioni ya dola yatumike kutafuta chanjo ya ugonjwa ambao leo haupo, ilhali zahanati ya kijiji huishiwa dawa za malaria? Wanaouliza si wapinzani wa chanjo. Ni akina mama na akina baba wanaojua bei ya kila kitu, na swali lao ni la haki. Tunajaribu kulijibu kwa kufuata historia ya ugonjwa mmoja, Ebola, ambayo mwanzo wake unaigusa hospitali ya misheni.

Mwezi Agosti 1976, mwalimu wa shule ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, alifika hospitalini akiwa na homa. Alidhaniwa kuwa na malaria, akachomwa sindano ya klorokwini. Hospitali ile iliendeshwa na masista kutoka Ubelgiji; haikuwa na daktari, lakini watu walitoka mbali kuifuata kwa sababu dawa zilikuwepo. Kila asubuhi zilitolewa sindano tano tu kwa ajili ya wagonjwa wa nje wote, nazo zilisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu baada ya mgonjwa mmoja na kabla ya mwingine. Wachunguzi waliofika baadaye walibaini kwamba sindano hizo ziliusambaza ugonjwa. Watu 318 waliugua, 280 wakafariki. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walifariki, na masista wamisionari nao hawakusalimika. Hospitali ikafungwa.

Hatuyasemi haya ili kuwahukumu masista wale, ambao walihudumia kwa kile walichokuwa nacho na wakafa wakihudumia. Tunayasema kwa kuwa watu wengi hudhani maandalizi dhidi ya magonjwa ya mlipuko ni jambo la maabara za Ulaya. Pale Yambuku maandalizi yangekuwa sindano safi za kutosha.

Katika mwaka huohuo mlipuko mwingine ulitokea Nzara na Maridi, kusini mwa Sudan. Ilidhaniwa kwanza kuwa ni ugonjwa uleule umevuka mpaka. Kumbe virusi vilikuwa vya aina mbili, ndugu wa ukoo mmoja lakini si pacha. Tofauti hiyo tuiweke akilini, kwa maana chanjo inayomkinga mtu dhidi ya aina ya Zaire haimkingi dhidi ya aina ya Sudan.

Aina ya Sudan ndiyo iliyofika Gulu, Uganda, mwaka 2000. Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, ambayo ni ya Kanisa Katoliki, ilipokea wagonjwa wengi, na mganga mkuu wake, Dkt. Matthew Lukwiya, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutambua kwamba hii haikuwa homa ya kawaida. Alitenga wodi maalumu, akabaki na wauguzi wake walipokuwa wanakufa mmoja baada ya mwingine, na tarehe 5 Desemba 2000 akafa yeye mwenyewe. Mlipuko ule uliwapata watu 425, na 224 walifariki. Miaka 24 ilikuwa imepita tangu Nzara, na wauguzi wa Lacor hawakuwa na chanjo yoyote.

Kwa nini haikuwepo? Chanjo hutengenezwa na viwanda, na kiwanda huhitaji mnunuzi. Surua ina mnunuzi kila mwaka, kwani watoto huzaliwa kila mwaka. Ebola hulipuka leo katika kijiji maskini, ikatoweka miaka mitano, ikazuka kwingine. Mfanyabiashara akipiga hesabu haoni soko, na kusema kweli hakosei katika hesabu zake. Kosa ni letu sote tuliomwachia peke yake kupiga hesabu hiyo.

Mfano wa wazi ni chanjo ya aina ya Zaire. Wanasayansi wa maabara ya taifa ya Kanada, mjini Winnipeg, pamoja na wenzao wa Marekani, walichapisha mwaka 2005 matokeo yaliyoonyesha kwamba chanjo hiyo iliwakinga nyani. Kisha ikakaa. Fedha za kuipeleka kwa wanadamu hazikupatikana kwa takribani miaka kumi, hadi Ebola ilipolipuka Guinea, Liberia na Sierra Leone, ikawapata watu zaidi ya 28,600 na kuua zaidi ya 11,300. Ndipo mwaka 2015 ikajaribiwa nchini Guinea, mlipuko ukielekea ukingoni. Walichanjwa waliomkaribia mgonjwa na wale waliowakaribia hao, kama duara linaloizunguka nyumba inayoungua. Miongoni mwa watu 5,837 waliochanjwa, hakuna aliyeonekana kuugua kuanzia siku ya kumi baada ya chanjo. Dawa iliyokaa kabatini ilikuwa inafanya kazi.

Tangu hapo hali imebadilika kwa aina hiyo. Katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Hata hivyo watu 2,287 walifariki, maana chanjo haipiti penye mapigano wala penye hofu. Mwaka 2021 ikatangazwa akiba ya dunia ya dozi 500,000, kila dozi kwa bei ya dola 98.60, itunzwe katika baridi kali ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Dozi nyingine zitafikia mwisho wa muda wake bila kutumika. Msomaji asiudhike upesi kwa hilo: mtungi wa kuzimia moto unaoisha muda wake ukutani haujamtia hasara mwenye nyumba.

Kwa aina ya Sudan tulibaki mikono mitupu. Tarehe 20 Septemba 2022 Uganda ilitangaza mlipuko uliogunduliwa wilayani Mubende. Chanjo za majaribio zilikuwepo duniani, ila hazikuwa tayari kwenye vichupa, wala taratibu za jaribio hazikuwa zimekamilika. Dozi za kwanza zilitua Uganda tarehe 8 Desemba, siku 79 baadaye, wakati mgonjwa wa mwisho alikwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani tarehe 30 Novemba. Watu 55 waliothibitishwa kuwa na ugonjwa walikuwa wamefariki, wakiwemo wahudumu wa afya.

Safari ile dozi zilichelewa, lakini kazi haikutupwa. Taratibu zilikamilishwa, watafiti wa Uganda wakafunzwa, dozi zikawekwa nchini kusubiri. Ebola ya aina hiyohiyo ilipotangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025, jaribio la chanjo, lililopewa jina la Kiswahili, Tokomeza, lilianza tarehe 3 Februari. Siku nne. Wagonjwa, pamoja na waliohesabiwa bila kuthibitishwa na maabara, walikuwa 14, na waliofariki wanne. Hatudai kwamba chanjo ndiyo iliyouzima mlipuko ule. Wagonjwa wachache hivyo hawatoshi kuthibitisha nguvu ya chanjo, na kazi kubwa ilifanywa na wale waliowafuatilia watu nyumba kwa nyumba. Tunachosema ni kwamba kutoka siku 79 hadi siku nne ni umbali uliolipiwa kabla, wakati hapakuwa na mgonjwa hata mmoja.

Je, ulilipiwa kiasi gani? Mwaka 2018 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliohusisha CEPI, muungano wa kimataifa uliozinduliwa Davos Januari 2017 ili kugharimia chanjo za aina hii. Watafiti walipiga hesabu ya kuitoa chanjo moja katika majaribio ya wanyama hadi hatua ya katikati ya majaribio kwa wanadamu. Kama kila jaribio lingefaulu, gharama ingekuwa dola milioni 31 hadi 68. Lakini majaribio mengi hushindwa, na huwezi kujua mapema lipi litashindwa, kama mkulima asivyojua ni punje ipi haitaota. Ukiziingiza gharama za walioshindwa, kumpata mmoja aliyefaulu ni dola milioni 319 hadi 469. Kwa magonjwa 11 yaliyoorodheshwa, yakiwemo Marburg, homa ya Lassa, chikungunya na homa ya Bonde la Ufa ambayo wafugaji wetu wanaijua, jumla ni angalau dola bilioni 2.8 hadi 3.7. Nayo haijafika mwisho: bado kuna majaribio makubwa, kiwanda na akiba.

Ni fedha nyingi. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Ebola ya Afrika Magharibi iligharimu uchumi wa zile nchi tatu pekee dola bilioni 2.8.

Sasa turudi kwa mama aliyeuliza kuhusu zahanati, kwa sababu hatujammaliza. Katika miezi ileile dunia ilipoitazama Ebola ya Kivu Kaskazini, surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo hiyohiyo, wengi wao watoto. Chanjo ya surua imekuwepo tangu 1963 na ni ya bei ndogo. Hapo hapakukosekana ugunduzi. Palikosekana jokofu, barabara, mchanjaji anayelipwa mshahara. Anayesifu maabara akaisahau zahanati ameelewa nusu ya jambo, kwani hata dozi ya dola 98.60 hatimaye huchomwa na muuguzi wa zahanati, naye ndiye anayemwona mgonjwa wa kwanza kabla ugonjwa haujapewa jina. Kwa maoni yetu fedha hizi mbili hazipaswi kunyang'anyana. Yusufu kule Misri alihifadhi sehemu ya tano ya mavuno ya miaka ya shibe, na hatusomi kwamba watu waliachwa na njaa katika miaka hiyo.

Marburg, ndugu wa karibu wa Ebola, ilizuka mkoani Kagera mwaka 2023, ikaua watu sita. Mwaka 2024 ikazuka Rwanda, ambako wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Chanjo ya majaribio ilifika Kigali ndani ya siku tisa na wahudumu wakaanza kuchanjwa mara moja. Januari 2025 ikarudi Kagera, wilayani Biharamulo. Waliohesabiwa kuugua walikuwa kumi, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara, na wote kumi walifariki. Mlipuko ule ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, hapakuwa popote duniani chanjo ya Marburg iliyokwisha kupewa kibali.