Sumu ya Bakteria

Sumu (nomino, ngeli ya I-/ZI-) ni kitu kinachodhuru mwili. Katika maradhi ya tumbo, ni kemikali inayotengenezwa na bakteria. Bakteria ni kiumbe hai, sumu si kiumbe: bakteria *huuawa*, sumu *huharibiwa*.

Mfano ni kiporo. Ruaha Mbuyuni, kwenye joto la bondeni wilayani Kilolo, chakula kilicholala sufuriani huchacha upesi kuliko katika baridi ya milimani. Stafilokokasi akizaliana humo hutoa sumu isiyoharibiwa kwa kuchemsha. Moto humuua bakteria, sumu ikabaki, na mlaji huweza kutapika baada ya saa chache. Kwa hiyo tangazo lisemalo “pasha kiporo moto kuua sumu” lina kosa la lugha na la afya pia.

Kipindupindu ni kinyume chake. Bakteria humezwa akiwa hai, kisha hutoa sumu ndani ya utumbo mdogo. Mwaka 1959, Sambhu Nath De wa Calcutta alionyesha kwamba sumu hiyo ndiyo inayoufanya utumbo umwage maji na chumvi, mgonjwa akahara hadi kukaukiwa. Hapa kuchemsha maji ya kunywa hukinga, kwa kuwa bakteria hufa kabla hajatoa sumu.

Matumizi sahihi:
- Chemsha maji ili kuua bakteria wa kipindupindu.
- Usile kiporo kilichochacha. Moto hauondoi kila sumu.