Nilinunua boti mbovu kwa pesa za ada, mama akaninunia wiki mbili

Ukipita ufuoni kwetu Mtwapa maji yakipwa, utaziona: boti zimelala ubavu kando ya mikoko, rangi imebambuka, kuku wanataga ndani. Kila moja ina mwenyewe, na kila mwenyewe atakuambia ataitengeneza "mwezi ujao". Mimi nilinunua moja ya hizo. Kama na wewe umewahi kusimama pale ukapiga hesabu kichwani, kaa hapa kidogo tuongee.

Wacha nianze na aibu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Siku nilipoamua sirudi, ada ya muhula ilikuwa bado kwenye simu yangu, Sh62,000, na nyingi zilikuwa zamu ya mama kwenye chama chao. Badala ya kumrudishia, nikampelekea hadithi ya boti: ya mbao, futi 18, na mashine ya nguvu za farasi 15, zote kwa Sh45,000. Ningebeba wageni wikendi, ningerudisha pesa mara mbili. Mama hakunigombeza. Alininunia tu wiki mbili, akawa ananipakulia chakula bila neno. Afadhali angepiga kelele.

Na mashine, by the way, ilikuwa haiwaki.

Kosa langu la kwanza usilirudie: nilinunua kwa macho. Nilipomleta mzee fundi, hakuangalia rangi wala mashine. Alitoa kisu kidogo mfukoni akaanza kudunga mbao moja moja, kama daktari anayetafuta mahali panapouma. Mbele, kisu kilikataa. Ubavuni, kikaingia nusu. Alipofika nyuma, kwenye ubao unaobeba mashine, kikazama mpaka kwenye mpini.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa umenunua kuni."

Nilitaka kulia, bana. Lakini mzee aliinama, akachimba mchanga kwa mikono, akaudunga mkuku kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkuku ulikuwa wa mbambakofi na ulikuwa mzima. Akasema basi boti ipo. Mkuku ukiwa mzima, vingine vyote vinabadilishwa kipande kwa kipande. Ukioza mkuku, piga teke uende zako hata kama unapewa bure. Kisu cha Sh100 kingeniambia hayo kabla sijatuma pesa, na pengine ningepunguziwa bei hadi nusu.

Nikamuuliza ni bahari gani imeila hivi. Akacheka. Bahari haiozeshi mbao kama unavyodhani, chumvi inazihifadhi. Kilichoiua boti hii ni mvua. Ilikaa ufuoni misimu kadhaa bila kufunikwa, maji matamu yakajaa ndani, yakatuama nyuma pale pale pazito, na mbao zikaanza kuwa laini. Turubai moja na tundu la kutolea maji lingetosha. Hebu fikiria, mtu amepoteza boti kwa kukosa turubai.

Tulianza Juni, wakati kusi inavuma na bahari ni chafu. Huo ndio wakati wa kutafuta fundi ikiwa mfuko ni mwembamba, kwa sababu wavuvi wengi wa vyombo vidogo wamepumzika na mafundi wanasikiliza bei. Tulielewana Sh1,200 kwa siku, mimi nikiwa msaidizi wake wa bure. Ubao wa nyuma hatukununua mpya. Mzee alijua mahali boti nyingine ilikuwa inakatwakatwa, tukatoa kipande cha mvule kigumu kuliko nilichokiona dukani kwa bei mara tatu. Mbao za ubavuni tukatumia mwembe, kwa kuwa ni nafuu. Mwembe haudumu kama mvule, na mzee aliniambia wazi kwamba baada ya miaka michache nitazibadilisha. Sawa. Hapo ndipo pesa zangu zilipofika.

Halafu ikaja kalafati. Kama hujawahi kuiona, ni hivi: unachukua pamba, unaisokota iwe kama kamba nyembamba, unailowesha mafuta ya nazi, kisha unaishindilia kwenye kila ufa kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo. Kila ufa, boti nzima. Ilituchukua siku tisa. Siku ya kwanza nilipiga kwa nguvu za gym, mzee akaja nyuma yangu akaing'oa kazi yote. Ukishindilia sana unatanua mbao, ukilegeza maji yanapita. Akaniambia nisiangalie, nisikilize. Na kweli, pamba ikikaa vizuri mlio wa nyundo unabadilika, kutoka mlio mtupu hadi mlio mzito, kama kugonga mlango uliofungwa. Kufikia siku ya tano nilikuwa nausikia hata nikiwa nyumbani nimelala.

Chini tuliipitisha moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha tukapaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Harufu yake usiniulize. Lakini kopo moja la rangi maalumu ya kuzuia chaza lingemeza bajeti yangu ya wiki mbili.

Sasa mashine. Hapa ndipo nilipoliwa. Fundi mmoja wa mjini, siwezi kumtaja, alichukua kabureta na Sh8,000 za "vipuri", akaanza kunijibu kesho, kesho, mwisho simu ikawa haipatikani. Sina risiti, sina ushahidi wowote. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: kipuri nanunua mwenyewe, fundi anafungua mashine mbele yangu, na ninapiga picha kila kinachotoka.

Fundi wa pili, kijana wa rika langu, alinionyesha kwamba mashine haikuwa imekufa. Ilikuwa imezibwa. Chumvi ilikuwa imejaa kwenye njia za maji, na ule mpira wa pampu unaovuta maji ya kupoza mashine ulikuwa umekauka na kukatika. Tukaweka mpira mpya, plagi mpya, kabureta ya mtumba na oili ya gia. Tukaifunga kwenye pipa la maji matamu, tukachanganya petroli na oili kama kitabu chake kinavyosema, lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Nilivuta kamba mara kumi na nne. Ya kumi na tano ikawaka, na baada ya muda ikaanza kukojoa. Ndiyo, tunasema hivyo: ule uzi wa maji unaotoka ubavuni ndio unaokuambia pampu inafanya kazi. Mashine isipokojoa, zima papo hapo kabla haijaungua. Na kila ukitoka baharini, irudishe kwenye maji matamu dakika chache iteme chumvi.

Kuishusha tulisubiri bamvu la mwezi mpevu, ili maji yaifuate boti badala ya sisi kuiburuta. Vijana sita, mahamri na soda, kazi ikaisha. Ikaelea. Tukapiga picha. Dakika ishirini baadaye maji yalikuwa yamefika magotini mwangu, ndani ya boti.

Nilimpigia mzee nikihema. Akaniuliza kama mashine nimeitoa. Nikasema iko nyumbani. "Basi iache izame," akasema, akakata simu.

Mbao zilizokauka juani hunywa maji, zinavimba, na zikivimba zinaibana pamba. Tuliiacha kwenye maji mafupi siku mbili, imejaa kama karai. Siku ya tatu nikachota maji yote. Asubuhi yake nilikuta kikombe hivi cha maji ngamani. Sijawahi kufurahia matokeo ya mtihani vile.

Hesabu, kwa wanaopenda hesabu: boti Sh45,000, fundi siku ishirini Sh24,000, mbao na misumari Sh17,500, pamba, mafuta na deheni Sh2,800, rangi ya juu Sh6,500, mashine Sh31,000, jaketi nne za kuokoa maisha Sh10,000, na zile Sh8,000 zilizotoroka. Jumla Sh144,800. Yaani boti yenyewe haikufika hata theluthi ya gharama. Nilizoongeza zilitoka kwa kuandikia maduka matangazo ya mtandaoni na kushika zamu kwenye kibanda cha M-Pesa, miezi mitano.

Na bado sibebi abiria wa kulipa. KMA, mamlaka inayosimamia usalama wa vyombo vya majini, lazima ikague na kutoa leseni, na sina haraka ya kupita hapo kwa mlango wa nyuma. Kwa sasa nasafirishia watu mizigo kuvuka mkondo, na kila mwezi namrudishia mama Sh3,000.

Jumapili iliyopita alikubali kupanda. Alivaa jaketi juu ya leso, akakaa katikati, mkoba mapajani. Hakusema kitu mpaka tulipopita chini ya daraja. Kisha akatazama miguuni.

"Haya maji yametoka wapi?"

Nikamwambia ni kidogo tu, ni kawaida, mbao bado zinakunywa. Akanitazama, akavua viatu, akachukua mtungi niliokata nusu, akaanza kuchota.