Miale ya Gama na Embe Lisilo na Haraka ya Kuiva

Ufikapo mwezi wa Desemba, miembe ya mwambao wa Ziwa Nyasa, Liuli hata Mbamba Bay, huzaa kwa pamoja na matunda yake huiva kwa pamoja. Kutoka ziwani hadi Mbinga mjini, au Namswea, si mbali kwa kuangalia ramani. Lakini embe lililokwisha kulainika halivumilii joto, wala mtikisiko wa gari, wala siku mbili za kumngoja mnunuzi. Mengi huozea chini ya mti.

Embe, ndizi na papai huendelea kuiva hata baada ya kuchumwa. Ndani ya tunda hutengenezwa hewa iitwayo ethilini, na kiasi kidogo tu cha hewa hiyo huziamsha chembe za tunda zitengeneze nyingine zaidi. Kwa hiyo mkulima avundikaye ndizi shimoni huizuia hewa hiyo isitoroke, ajapokuwa hajapata kulisikia jina lake. Chungwa na nanasi havina tabia hiyo.

Je, yawezekana kuupata mti ambao tunda lake hutengeneza ethilini kwa uvivu? Mwaka 1927 Hermann Muller wa Marekani alithibitisha kwamba miale ya eksirei hubadili urithi wa nzi wa matunda. Mwaka uliofuata Lewis Stadler alionyesha hayo katika shayiri. Tangu hapo zaidi ya aina 3,000 za mimea zimepatikana kwa njia hiyo, nyingi zikiwa nafaka. Kenya ilitoa ngano ya Njoro-BW1 mwaka 2001, na Zanzibar mpunga wa Supa BC mwaka 2011. Ifahamike kuwa miale ya gama itokayo katika kobalti 60 hupita tu: mmea haugeuki kuwa mnururifu, na alaye wali huo hali miale.

Kwa matunda kazi ni ngumu zaidi. Ndizi tunazokula hazina mbegu, hivyo hupigwa miale vichipukizi vidogo vinavyokuzwa katika chupa. Kwa mwembe hutumika vikonyo, ambavyo baadaye hubebeshwa juu ya shina lingine. Tatizo ni kwamba miale huibadili chembe moja na kuiacha ya jirani yake; tawi moja huwa na urithi wa namna mbili, na mtafiti hulazimika kukata na kubebesha tena na tena mpaka apate tawi lenye urithi mmoja. Kisha husubiri miaka mti uzae, ndipo aonje.

Kuonja ndiko kwenye mtihani hasa. Nyanya zenye badiliko la urithi liitwalo rin, ambalo lilizuka lenyewe shambani, hukaa muda mrefu bila kulainika, lakini haziwi nyekundu wala hazipati ladha kamili. Wafugaji wa mbegu walizichanganya na nyanya za kawaida, wakapata chotara aivaye polepole na kulika. Tikiti lenye kimeng'enya dhaifu cha ethilini, lililopatikana Ufaransa kwa kutibu mbegu kwa kemikali, nalo lilidumu zaidi.

Embe la namna hiyo litakapopatikana, bado litakabiliwa na ukungu wa madoa meusi, ambao huliingia likiwa changa mtini na kungoja liive. Kwa adui huyo, kuogesha embe katika maji ya moto kwa dakika chache mara baada ya kuchuma husaidia tangu sasa.