Watu wa Kilimanjaro na Hesabu ya Sensa

Afikaye Kibosho, Marangu au Rombo mwishoni mwa Desemba hukuta vijiji vimejaa watu waliorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na hata ng'ambo. Afikaye huko huko mwezi Agosti hukuta nyumba nyingi nzuri zimefungwa, na nyingine zina bibi mmoja na wajukuu wake. Sensa ya mwaka 2022 ilifanyika Agosti. Je, ni Kilimanjaro ipi iliyohesabiwa?

Katika sensa ya Tanzania, mtu huhesabiwa mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, wala si mahali alipozaliwa au alipojenga. Mwana wa Machame aliyelala Dar es Salaam usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022 alihesabiwa Dar es Salaam, hata kama migomba yake iko Machame.

Mwendo wa idadi

Mwaka 1967 Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 652,722. Mwaka 2022 ulikuwa na watu 1,861,934, yaani karibu mara tatu. Lakini katika muda huo huo Taifa zima liliongezeka kutoka watu milioni 12.3 hadi milioni 61.7, yaani mara tano. Hivyo mkoa uliokuwa na watu zaidi ya 5 katika kila Watanzania 100 sasa una 3 tu.

Kati ya 2012 na 2022 mkoa uliongezeka kwa wastani wa asilimia 1.3 kwa mwaka, na Taifa kwa asilimia 3.2. Ukigawanya 70 kwa asilimia hiyo, hupata kwa makadirio miaka ambayo idadi itachukua kuongezeka maradufu: miaka 22 kwa Taifa, miaka 54 kwa Kilimanjaro.

Sababu zake

Idadi ya watu wa mahali popote hubadilishwa na mambo matatu tu: kuzaliwa, kufa na kuhama. Vifo havitoshi kueleza tofauti hii, kwani mkoa huu ulitangulia mingi kwa wingi wa shule na hospitali. Elimu hiyo, hasa ya wasichana, imechangia kupunguza uzazi, na leo Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye uzazi mdogo kabisa nchini.

La tatu ni kuhama, na chanzo chake kikubwa ni ardhi. Wachaga wengi huishi katika ukanda wenye rutuba na mvua, uliobanwa na msitu wa hifadhi kwa juu na tambarare kavu kwa chini. Humo familia nyingi zina kihamba chao cha migomba na kahawa. Kwa desturi, kitinda mimba hurithi kihamba cha wazazi na mwana wa kwanza hupewa sehemu yake. Wana wa kati hujitafutia. Zamani mangi aliweza kuwagawia ardhi iliyokuwa wazi. Ardhi hiyo ilipokwisha, vijana walishuka mlimani.

Baadhi yao huishia mjini Moshi. Kati ya 2012 na 2022 Wilaya ya Rombo iliongezeka kutoka watu 260,963 hadi 275,314, ambayo ni asilimia 5.5 kwa miaka 10. Manispaa ya Moshi iliongezeka kutoka 184,292 hadi 221,733, ambayo ni asilimia 20. Hata hivyo Taifa liliongezeka kwa asilimia 37. Maana yake ni kwamba kwa wengi Moshi ni njia tu ya kwendea mbali.

Mkoa una watu wengine pia: Wapare wa Same na Mwanga, Wakahe na Wamasai wa tambarare, na wageni waliovutwa na kazi. Lakini jambo la kuangaliwa zaidi ni umri. Waondokao wengi ni vijana, na miongoni mwa wabakio wamo wazee wengi. Kihamba huhitaji mikono ya kupogoa kahawa, kukata majani ya ng'ombe na kusafisha mifereji ya maji. Mikono hiyo ikipungua, fedha zinazotumwa kutoka mjini haziwezi kufanya kazi yote hiyo.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: kila mmoja aandike idadi ya watu waliolala nyumbani kwao jana, kisha idadi ya wale ambao hulala hapo siku ya Krismasi au Idi. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo habari ya mkoa mzima.