Droni Inapotoroka: Uchunguzi Huanzia Ardhini

Droni ndogo ya picha ikikataa amri na kutokomea angani, mwenye nayo kwa kawaida hulaumu mawimbi ya simu, au husema mtambo umeshikwa wazimu. Kumbukumbu za safari, ambazo droni nyingi za siku hizi huziandika mara kadhaa kila sekunde, mara nyingi husimulia kisa kingine, na kisa hicho huwa kimeanza kabla rafadha hazijakiinua chombo kutoka chini.

Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira mkoani Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, linafaa kulieleza jambo hilo. Kituo chake cha umeme kilianza kazi mwaka 1930, enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, penye maporomoko ambayo Wabelgiji waliyaita Cornet kwa jina la mwanajiolojia Jules Cornet. Maji yaliyozuiwa hapo ndiyo ziwa Tshangalele. Mpiga picha yeyote angetamani kulitazama kutoka juu. Lakini mahali penyewe pamejaa zege lenye nondo, mabomba makubwa yanayoshusha maji hadi kwenye mitambo, na minara ya umeme. Chuma kimetapakaa kila upande, na dira ya droni haina adui mkubwa kuliko chuma.

Setilaiti za GPS huijulisha droni mahali ilipo. Haziijulishi, inapoelea palepale, uso wake umeelekea wapi. Hiyo ni kazi ya dira ya kielektroniki, ikisaidiwa na jairoskopu zinazohesabu kila inapogeuka. Upepo ukiisukuma mita 2 kwenda mashariki, kompyuta huiamuru iinamie magharibi. Dira ikikosea kwa digrii chache, droni hurudi kwa kupinda kidogo, kisha hutulia. Kosa likikaribia digrii 90, kila sahihisho huitupa pembeni, ikaanza kuzunguka katika duara linalozidi kupanuka. Likipita hapo, dawa hugeuka sumu: kadiri droni inavyojitahidi kurudi ndivyo inavyokwenda mbali, na kadiri inavyojiona iko mbali ndivyo inavyoongeza kasi. Watu husema imeasi. Kumbe imetii hesabu yake kikamilifu, ila hesabu ilianzia kwenye mwelekeo wa uongo.

Kuipotosha dira hakuhitaji nguvu nyingi, kwa sababu uga wa sumaku wa dunia ni dhaifu: kati ya mikrotesla 25 na 65 hivi, na huko Katanga uko karibu na 30. Washukiwa wa kwanza huwa nyaya za umeme mkubwa, na mara nyingi huonewa. Mkondo geu wa hezi 50 hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, hivyo msukumo wake kwenye dira hujifuta wenyewe kwa wastani. Mnara wa chuma unaoshikilia nyaya hizo ni wa kuogopwa zaidi. Njia ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ni habari nyingine, maana hubeba mkondo mnyoofu. Ampea 500 katika waya mmoja huzaa mikrotesla 10 kwa umbali wa mita 10. Hiyo ni theluthi nzima ya uga wa dunia mahali hapo, ingawa waya wa pili, wenye mkondo wa kurudi, hupunguza sehemu ya athari.

Kwa hiyo mchunguzi makini huanzia sekunde za kwanza. Droni ikiwashwa juu ya zege lenye nondo, programu huiamini dira iliyokwisha kuvutwa na chuma. Ikipanda mita chache, dira huachana na chuma na kuanza kusema kweli, huku jairoskopu zikishikilia kwamba chombo hakijageuka. Katika grafu, mistari miwili iliyokuwa pamoja huachana ghafla. Programu nyingi, zikishindwa kuamua nani mkweli, huiweka GPS kando na kubaki kusawazisha mwili tu, na droni hupeperushwa na upepo. Picha ya kwanza ya video nayo ni shahidi mzuri: kamera ikionyesha ziwa ilhali kumbukumbu inadai pua ilielekea upande mwingine, kesi imekaribia kwisha.

Upepo huacha alama tofauti kabisa. Droni ya Mavic Mini, iliyotoka mwaka 2019 ikiwa na gramu 249, ilitengenezwa kuhimili upepo wa mita 8 kwa sekunde. Upepo ukifika mita 10, droni inayorudi kwa mwendo wa mita 8 itaonekana imeinamia kwa mwenyewe, mota zikihangaika, na bado inasogea nyuma. Hapo dira haina kosa. Zipo pia safari ambazo droni ilijirejesha yenyewe baada ya ukuta au mlima kukata mawasiliano ya rimoti, lakini kituo cha nyumbani, yaani mahali pa kurejea, kilikuwa kimesajiliwa droni ikiwa tayari juu ya maji. Ikatua humo.

Maelezo ya mwenyewe hayatoshi, hata akiwa mkweli. Tarehe 21 Septemba 2017, droni ya Phantom 4 iligongana na helikopta ya jeshi la Marekani karibu na Staten Island, New York. Kipande cha droni kilichokwama kwenye helikopta kilikuwa na namba ya utengenezaji, nayo ikawafikisha wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa uchukuzi, kwa mwenyewe, aliyekuwa akidhani droni yake imeangukia majini. Kumbukumbu zilionyesha kwamba aliirusha umbali wa kilomita 4 hivi, mbali na upeo wa macho yake.

Chombo kikipotea, sehemu ya kumbukumbu hubaki kwenye simu au tableti iliyokiongoza. Mwenye droni asifute programu yake, wala asiisakinishe upya, kabla faili hizo hazijanakiliwa.