Jinsi mchoro hupata kina juu ya karatasi bapa

Karatasi ina urefu na upana tu, lakini mchoraji hodari humwonyesha mtazamaji sanduku au chungu chenye kina. Wanafunzi wengi hukata tamaa michoro yao inapokuwa bapa, wakidhani hawakujaliwa kipaji. Kumbe kinachokosekana ni mazoezi.

Mwaka 1435, Leon Battista Alberti wa Italia alieleza jinsi mistari inayokwenda mbali na mtazamaji inavyokutana katika nukta moja. Mwaka 1904, mchoraji Paul Cézanne wa Ufaransa alimshauri mwenzake Émile Bernard ayatazame maumbile kupitia silinda, tufe na pia.

Zoezi la kwanza ni mchemraba. Mwanafunzi huchora mstari wa upeo wa macho, huweka nukta juu yake, kisha huchora mraba chini ya mstari huo. Kutoka pembe za mraba huvuta mistari hafifu hadi kwenye nukta, na nyuma huifunga kwa mraba mdogo.

La pili ni kikombe. Mdomo wake, ukitazamwa kwa upande kutoka juu kidogo, si duara kamili bali duaradufu. Kitako nacho hupinda, wala si mstari ulionyooka.

La tatu ni tufe. Duara tupu hufanana na sahani hadi litiwe kivuli, kikikolea taratibu upande usio na mwanga.

Aliyezoea maumbo hayo huyaona kila mahali: kichwa ni tufe, mkono ni silinda. Hapo huanza kuchora anachokiona, si anachokidhania.